Hesabu Inayobaki kwa Bosi

Jioni ikiingia Mbagala, kijana wa bodaboda huhesabu noti zake mara mbili, kisha hupeleka hesabu ya siku kwa bosi aliyempa pikipiki kwa mkataba. Tuseme 10,000. Mvua inyeshe, mtoto augue, hesabu lazima ifike, na bosi hutia alama kwenye daftari lake. Siku 300 za namna hiyo ni milioni tatu. Huyo ni mlipaji hasa.

Akienda benki kuomba hata nusu ya fedha hizo, ataulizwa hati ya mshahara, dhamana, wadhamini na barua ya serikali ya mtaa. Kwa mpangaji wa chumba kimoja anayehama kila kodi ya miezi sita inapoisha, hata barua hiyo ni kazi: mjumbe hamjui.

Simu imesaidia, tena sana. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo mtu anaweza kuishi mjini bila kukanyaga benki. Lakini Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, asiyekuwa na namba ya NIDA aliazima laini ya ndugu. Miamala yake yote ikawa inajenga jina la mtu mwingine. Kisha zikaja tozo za miamala ya simu, Julai 2021, na waliorudi kulipana mkononi walipoteza njia pekee iliyokuwa ikiwaachia kumbukumbu.

Msusi wa Manzese yeye ana mchezo: wenzake kumi wanachanga kila wiki, mmoja anapokea. Hauna riba, hauna fomu. Ila shida haingoji zamu, na anayepokea wa nane akiuguliwa wiki ya pili hukimbilia mkopo wa kausha damu, au programu ya mkopo kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Wapo wakopeshaji wa aina hiyo wanaochukua majina yaliyomo kwenye simu ya mdaiwa na kumwaibisha hadi kwa wakwe.

Huniudhi kusikia kwamba vijana hawakopesheki. Wanakopeshwa kila siku, na wanalipa, kwa riba ambayo mwajiriwa mwenye hati ya mshahara asingeikubali.

Mkataba wa pikipiki ukiisha, kijana wa Mbagala hukabidhiwa kadi. Daftari hubaki kwa bosi.