Form ni Thailand? Panga begi hivi ndio usikwame uwanja wa ndege

Kila group ya mabeshte hukuwa na yule msee mmoja anasema "mwaka huu twende Thailand." Phuket, Bangkok, Koh Samui, picha za maji ya kijani na zile boti ndefu zimejaa TikTok hadi unaskia tu kulia. Sherehe ni sawa kabisa. Shida ni vile wengi hupanga begi: wiki nzima ya kuchagua nguo za picha, dakika tano za kufikiria makaratasi.

Ukweli ni kwamba nguo ndio kitu ndogo kwa hii safari. Ukisahau kaptula utanunua mtaani Bangkok kwa bei poa. Kile hutapata huko ni karatasi uliacha kwa droo Umoja. Na kile hakitakuhurumia ni kitu haifai kuwa kwa begi yako. So tuanze na hizo mbili, nguo zitakuja baadaye.

1. Makaratasi ndio ya kwanza kuingia begi

Mkenya anahitaji visa ya Thailand kabla asafiri, na siku hizi inaombwa mtandaoni. Pasipoti iwe imebakisha angalau miezi 6. Hiyo wengi wanajua.

Yenye inaangusha watu ni kadi ya yellow fever. Kenya iko kwa orodha ya nchi zenye Thailand inaitisha hiyo kadi, na si mchezo: hata hapa JKIA unaweza kataliwa kupanda ndege bila hiyo. Kuna pia hesabu ya siku. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa. Ukidungwa Jumatatu na ndege ni Ijumaa, hiyo kadi bado haijakomaa. Habari poa ni kwamba sindano moja inatosha maisha yako yote, kwa hivyo kama ulidungwa kitambo, tafuta tu kadi. Ukifika uwanja wa Suvarnabhumi, Bangkok, pitia kwanza kwa meza ya afya kadi ikaguliwe, ndio uende laini ya uhamiaji. Wengi hupanga laini lisaa lizima halafu wanarudishwa nyuma.

Tangu Mei 1, 2025 kuna fomu ya kidijitali ya kuingia nchi, inaitwa TDAC. Unaijaza ndani ya siku 3 kabla ufike. Ni bure. Ukiona tovuti inakuitisha doo ya kuijaza, toka hapo mbio, hao ni matapeli.

Chapisha pia tiketi ya kurudi na booking ya hoteli. Simu inaweza zima chaji wakati afisa anakuangalia kwa macho. Afisa pia anaweza kuitisha uonyeshe pesa za kujikimu, baht 20,000 kwa mtu wa visa ya utalii, kwa hivyo usifike na sarafu za matatu.

2. Vitu za kuacha Nairobi

Vape: acha nyumbani. Thailand ilipiga marufuku kuingiza hizo vitu tangu 2014, na unaweza pigwa faini ama ufungwe. Usiskize msee anasema "lakini nimeona zikiuzwa huko." Kuuzwa kichochoroni haimaanishi ziko ruksa.

Miraa: hata usifikirie. Ile kemikali ya cathinone yenye iko ndani imedhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Kwako Eastleigh ni kawaida, kwa karao wa uwanja wa ndege ni kesi.

Bangi: ni kweli Thailand ililegeza sheria 2022, lakini 2025 wakakaza tena, sahii inataka karatasi ya daktari. Kuingia nayo ama kutoka nayo bila kibali ni shida kila upande, na ukitua nayo Kenya unajua mwenyewe.

Dawa: kama unatumia dawa zenye codeine ama tramadol, beba barua ya daktari, dawa ikae kwa paketi yake, na isizidi ya siku 30. Zingine zinataka kibali mapema, so uliza ubalozi kabla.

Karata: hii itakushangaza. Kuna sheria ya 1935 inasema huwezi kuwa na karata zaidi ya 120 bila kibali. Seti moja ya kucheza poker hotelini ni sawa. Usibebe seti tatu.

Mzigo wa mtu: hapa hakuna jokes. "Nibebee tu hii kwa cousin yangu" ni sentensi imefunga watu miaka mingi kwa jela za Asia. Thailand sheria za dawa za kulevya ni kali, na kusema "si yangu" haikusaidii wakati kitu iko kwa begi yenye jina lako. Jipangie begi mwenyewe, ifunge mwenyewe, na usimpee mtu akushikie.

3. Nguo: chache, nyepesi, na leso moja

Joto ya Thailand si ya Nairobi. Ni kama Mombasa mwezi wa Machi, na unyevu juu. Jinzi nzito ikilowa haikauki, itakunukia tu begi nzima. Chukua pamba na kitani, nguo za siku nne ama tano. Dobi wa kupima kilo wako kila mtaa wa watalii, na ni bei rahisi.

Kwa hekalu kama Wat Arun ama Grand Palace, mabega na magoti lazima yafunikwe. Vest na kaptula fupi zinakurudisha nje ya geti. Hapa ndio leso ya nyumbani inashinda kila kitu: unajifunga hekaluni, unaitandika ufuoni, unajifunika kwa ndege AC ikizidi.

Ndula chukua zenye zinatoka haraka, ju hekaluni na kwa manyumba za watu unavua mlangoni. Raba moja na pata pata moja zinatosha.

Angalia pia mwezi. Phuket na Krabi mvua yao ni kama Mei hadi Oktoba. Koh Samui iko upande ule mwingine wa bahari, na mvua yake nzito huja Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo mtu wa likizo ya Krisi aende Phuket, na kama ameshalipia Samui, abebe koti ya mvua. Ukienda Aprili 13 hadi 15 utapata Songkran, mwaka mpya wao, ambapo mji mzima unamwagiana maji. Kamfuko ka kuzuia simu isilowe ni lazima.

4. Ngozi na mbu

Melanin haizuii jua la saa saba juu ya boti. Beba sunscreen, lakini soma nyuma ya chupa. Tangu 2021 mbuga za baharini za Thailand zimekataza zenye ziko na oxybenzone ama octinoxate, ju zinaumiza matumbawe. Faini inaweza fika baht 100,000.

Mbu wa huko pia wana tabia tofauti. Wale wa dengue wanauma mchana, so neti ya usiku pekee haikuokoi. Beba dawa ya kujipaka. Ukishikwa na homa kali, usijimezee aspirin ama ibuprofen, zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Enda hospitali.

5. Simu, umeme na chapaa

Plagi yetu ya meno matatu haiingii kwa soketi zao, beba adapta ya meno mawili. Umeme wenyewe nguvu ni karibu sawa na wetu, kwa hivyo huhitaji mashine ya kubadilisha. Power bank inakaa kwa begi ya mkono, si ile unaachilia kaunta, na isipite 100Wh, yaani kama 27,000 mAh hivi.

ATM za huko zinakata zaidi ya baht 200 kila ukitoa doo na kadi ya nje. Toa kubwa mara moja, si kidogo kidogo. Ukibeba dola, noti za 100 safi hupata bei poa kuliko ndogo ndogo.

6. Kitu moja haifai kuwa kwa begi ya vacation

Vyeti vya shule. Kama mtu amekulipia tiketi, amekuambia uingie na visa ya utalii, halafu akakuambia ubebe vyeti ju "kuna job ya customer care Bangkok," hiyo si vacation na si job. Wakenya wengi wamechukuliwa hivyo hivyo, wakavushwa mpaka karibu na Mae Sot hadi kambi za utapeli wa mtandaoni Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti. 2025 makumi yao walirudishwa nyumbani baada ya kuokolewa. Begi ya likizo iko na tiketi ya kurudi yenye wewe mwenyewe umeshika. Achia mtu wa familia nakala ya pasipoti yako na jina la hoteli.

7. Ukirudi

Mifuko ya plastiki ya duty free wacha kwa ndege. Kenya ilipiga marufuku 2017, na itakuwa aibu kupita Thailand yote safi halafu ushikwe JKIA na mfuko wa chokleti.

Tag yule beshte anapanga trip na bado hajadungwa yellow fever. Siku 10 zinaisha haraka.