Umeuza Ng'ombe, Pesa Iko Benki: Linki Hiyo Usiibonyeze

Mteja wetu, tuseme Jumatano hii umeuza ng'ombe wanne katika soko la mifugo la Garissa. Hukutaka kubeba noti hadi Modogashe, kwa hivyo mnunuzi amekutumia pesa kwa akaunti yako ya benki. Vizuri. Hata chai hujamaliza, SMS inaingia: akaunti yako itafungwa leo, bonyeza hapa uthibitishe.

Unabonyeza. Rangi ni zile zile za benki, nembo ni ile ile, na kufuli dogo liko pale juu. Hilo kufuli linapoteza wengi, hata sisi tulioambiwa chuoni kwamba kufuli ni usalama. Maana yake ni moja tu: unachoandika kinafichwa kikiwa njiani kwenda kwenye tovuti hiyo. Mwenye tovuti ni nani, kufuli halisemi. Tapeli naye hulipata, tena bure.

Anayetoboa siri ni anwani, nayo husomwa kuanzia mwisho. Chukua eCitizen: anwani yake ni ecitizen.go.ke, na go.ke ni ya ofisi za serikali. Ukikuta maneno hayo yako mwanzoni, halafu baada ya ke kuna nukta na jina jingine, hapo si serikali tena, ni mtu na ujanja wake. Kwa benki ni vivyo hivyo. Shida ni kioo cha simu: ni kidogo, na anwani ndefu huweza kukatwa mkia. Iguse, isogeze, uone kilicho kabla ya alama ya / ya kwanza baada ya https://.

Ama usipitie linki kabisa. Fungua programu ya benki iliyo kwenye simu yako. Kama kuna tatizo la kweli, utalikuta huko.

Na ile namba ya siri inayokuja kwa SMS? Tapeli anaingia kwenye akaunti yako halisi wakati huo huo unapoandika kwenye ukurasa wake. Ukimpa namba hiyo, umemfungulia zizi.

Umeshaandika? Usione haya, wala usingoje jioni uulize mjomba. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako, si ile ya kwenye SMS, waambie wafunge huduma ya mtandaoni sasa hivi. Polisi wafuate: sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018, kifungu cha 30, inampa tapeli wa aina hii faini hadi shilingi 300,000, jela hadi miaka 3, au vyote viwili. SMS yenyewe usiifute, wataihitaji.