Kuomba Kubadilishiwa Shule ya Kidato cha Tano

Wanafunzi wa kidato cha tano katika shule za serikali hupangwa na Ofisi ya Rais – TAMISEMI, kwa kuangalia matokeo ya kidato cha nne, machaguo ya mwanafunzi na nafasi zilizopo. Ndiyo maana binti wa Handeni aliyeitamani Sekondari ya Wasichana Korogwe, wilaya ya jirani tu, anaweza kujikuta amepangiwa mkoa mwingine kabisa. Wazazi husema wanakata rufaa. Kiutaratibu, hayo ni maombi ya uhamisho. Rufaa ni ya alama, nayo huenda Baraza la Mitihani.

Nafasi bora ya kurekebisha mambo huja mapema, na inasikitisha kwamba wengi huikosa. Matokeo yakishatoka, mfumo wa Selform hufunguliwa kwa muda ili mwanafunzi abadili tahasusi au chuo alichojaza kabla ya kufanya mtihani. Aliyejaza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kisha akafanya vizuri zaidi Biolojia kuliko Hisabati, arekebishe hapo hapo. Tangu tahasusi ziongezwe hadi 65 mwaka 2024, ni muhimu zaidi kujua shule ipi inafundisha nini, maana shule isiyo na tahasusi ya mwanafunzi haiwezi kumpokea hata ikiwa na vitanda vitupu.

Majina yakishatangazwa, kinachobaki ni barua. Iandikwe kwa ukurasa mmoja: jina kama lilivyo kwenye matokeo, namba ya mtihani, shule aliyopangiwa, tahasusi, shule inayoombwa na sababu. Umbali peke yake ni sababu dhaifu kwa shule ya bweni, kwa kuwa kila aliyepangiwa mbali anayo. Ugonjwa una uzito, ukithibitishwa. Mwenye pumu anayetibiwa Hospitali ya Magunga, Korogwe, aambatishe barua ya daktari yenye mhuri, inayotaja ugonjwa, tarehe za kliniki na kwa nini matibabu hayo yasikatizwe. Karatasi hiyo moja inafanya kazi kuliko kurasa tatu za kusihi.

Barua hupitia kwa mkuu wa shule aliyopangiwa mwanafunzi, na mkuu wa shule inayoombwa huthibitisha kama nafasi ipo. Kisha hufuata ofisi za elimu za halmashauri na mkoa. Hapa pana mtego: Handeni na Korogwe kila moja ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na barua iliyopelekwa kwa afisa elimu asiyehusika hupoteza siku nyingi. Mzazi abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Wakati majibu yanasubiriwa, mwanafunzi aripoti shule aliyopangiwa, na fomu yake ya kujiunga mkononi. Muda wa kuripoti ukipita, nafasi hiyo inaweza kupewa mwingine, na asiyeandikishwa popote hana shule ya kuhama.