Mto Ahr Uliporudi Sebuleni

Paukwa!

Nimesikia, pakawa. Lakini leo sina sungura wala fisi. Nina mto, tena mto mdogo, uko magharibi mwa Ujerumani na unaitwa Ahr. Urefu wake haufiki kilomita 90. Wakati wa kiangazi kuna mahali unauvuka kwa miguu, suruali umeikunja magotini, ukatokea ng'ambo mapaja makavu. Ukiuona siku hiyo utacheka: huu nao ni mto?

Ngoja kwanza. Kuna jambo ambalo hata watu wazima hulisahau. Yale maji unayoyaona kila siku yanapita katika njia ya siku za kawaida tu. Kando yake, kulia na kushoto, kuna ardhi tambarare yenye udongo mwororo. Nani aliisawazisha? Mto wenyewe. Kila ulipofurika ulitandaza tope lake pale, mwaka baada ya mwaka, kwa maelfu ya miaka. Wataalamu huiita uwanda wa mafuriko. Mimi naiita sebule ya mto. Mwenye nyumba haketi sebuleni kila siku, lakini wageni wakija, mlango unafunguliwa.

Bonde la Ahr ni jembamba, milima yake ni mikali na imepandwa mizabibu. Aliyetaka kujenga nyumba, reli, hoteli au kambi ya watalii angejenga wapi? Mlimani ni taabu. Basi karne kwa karne watu wakajenga sebuleni.

Tarehe 14 Julai 2021 mvua kubwa ilinyesha. Udongo ulikuwa umeshashiba maji ya mvua za wiki zilizotangulia. Ukitaka kujua kilichotokea, chukua sahani mbili. Moja ijaze mchanga mkavu, nyingine iache tupu, kisha uziinamishe na kumwagia kila moja kikombe cha maji. Milima ya Ahr, yenye mwamba mgumu na udongo mchache juu yake, siku hiyo ilikuwa ile sahani tupu. Maji yote yakateremka kwa pamoja. Na tukumbuke kwamba dunia imepata joto, na hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi zaidi.

Katika kijiji cha Altenahr kuna kipimo cha kina cha maji. Rekodi yake ya juu, ya mwaka 2016, ilikuwa mita 3.71. Jioni ile kilipanda mpaka mita 5.75, kisha kikanyamaza. Mto ulikuwa umekichukua. Baadaye wataalamu walikadiria kwamba maji yalifika karibu mita 10. Simama chini ya nyumba ya ghorofa tatu, inua macho mpaka paani, ndipo utajua nasema nini.

Madaraja nayo yaliongeza balaa. Miti iliyong'oka, magari na matrela ya watalii vilikwama kwenye nguzo zake. Daraja likawa bwawa. Maji yakajikusanya nyuma yake, na zuio lilipoachia, yakashuka kwa kishindo kuwakuta watu wa chini.

Tangazo la wilaya la kuwahamisha watu lilitolewa saa 5:09 usiku. Liliwahusu walio ndani ya mita 50 kutoka kila ukingo. Fikiria: mita hamsini! Huko chini, mjini Sinzig, kulikuwa na nyumba ya kuwatunza watu wenye ulemavu, zaidi ya mita 200 kutoka mtoni. Usiku wa manane maji yaliingia ghorofa ya chini, na watu 12 walikufa maji. Katika bonde lote walikufa zaidi ya 130. Ukihesabu Ujerumani nzima ni zaidi ya 180, na nchi jirani ya Ubelgiji ilipoteza watu karibu 40.

Wengi walisema jambo kama hilo halijapata kutokea. Hapo ndipo ninapokataa. Mwaka 1804, vilevile mwezi Julai, Ahr iliua watu 63. Mwaka 1910 ikaua zaidi ya 50, wengi wao vibarua wa reli waliokuwa wakilala katika mabanda kando ya mto. Alama za maji zilichorwa kwenye kuta za nyumba, na wanajiografia wa Bonn walizitumia kukadiria ukubwa wa mafuriko yale ya kale. Walichapisha kazi yao miaka kadhaa kabla ya 2021.

Mbona basi ramani za hatari ya mafuriko hazikuonyesha ukubwa huo? Kwa sababu hesabu zake zilitegemea kile kipimo cha Altenahr, na kumbukumbu zake zinaanza miaka ya 1940. Mwaka 1804 haumo. Mwaka 1910 haumo. Ni kama kumuuliza mjukuu habari za ujana wa babu, naye babu amekaa palepale barazani, hakuna anayemgeukia.

Waholanzi walipita njia nyingine. Mwaka 1995 mito yao ilitishia kuvunja matuta ya kuzuia maji, watu wapatao 250,000 wakahamishwa. Baada ya hapo, badala ya kuinua matuta tu, katika sehemu nyingi waliurudishia mto nafasi yake. Mjini Nijmegen walilisogeza tuta nyuma mita 350 na kuchimba mkondo wa pili. Nyumba zipatazo 50 zilibomolewa, na wenyewe hawakufurahi hata kidogo. Kuhama si mchezo. Mtu ana kaburi la mama yake hapo, ana mti alioupanda.

Kwa hiyo siwalaumu watu wa Ahr waliotaka kurudi kwao. Nawalaumu waliokuwa na kalamu na ramani. Mafuriko yaliharibu maelfu ya majengo katika bonde lile. Serikali ilipochora upya ramani ya hatari, nyumba zilizokatazwa kujengwa tena palepale zilikuwa 34 tu.