Mnyanya Ulioshiba Kupita Kiasi

Karibu asilimia 95 ya nyanya ni maji. Wekundu, ukali, utamu, vitamini C na potasiamu vyote vimebanana katika sehemu ndogo inayosalia. Ndiyo maana mkulima anaweza kunenepesha tunda kwa mbolea na maji bila kuliongezea lishe, na sokoni sisi wanunuzi tunamtia moyo, maana mkono huenda kwanza kwenye fungu la nyanya kubwa.

Mwaka 2013 watafiti wa Brazil walilinganisha nyanya za kilimo hai na zile za mbolea za viwandani. Za kilimo hai zilikuwa ndogo kwa takriban asilimia 40, lakini gramu kwa gramu zilikuwa na vitamini C zaidi kwa asilimia 55. Piga hesabu ya tunda zima: vitamini C inakaribia kulingana. Nyanya kubwa ilikuwa imezimuliwa tu. Ila fenoli, kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa ajili ya kinga, zilizidi kwa asilimia 139, na pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa maji peke yake. Hapo mmea wenyewe ulikuwa umebadili kazi yake.

Kwa nini? Jibu zuri zaidi lilikuwa limeshatoka Marekani, katika mashamba ya majaribio ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Huko zilihifadhiwa nyanya zilizokaushwa za mavuno ya 1994 hadi 2004. Zilipopimwa, na matokeo kuchapishwa mwaka 2007, zile za vitalu vya samadi zilizidi zile za mbolea za viwandani kwa asilimia 79 katika kwesetini na asilimia 97 katika kemferoli, kemikali mbili za jamii hiyohiyo ya kinga. Kinachonivutia zaidi ni mwenendo wake. Katika vitalu vya samadi viwango vilipanda kadiri miaka ilivyokwenda na mboji ilivyojijenga udongoni, hata kiasi cha samadi kilipopunguzwa kwa sababu udongo ulikuwa umeshastawi. Kwenye mbolea za viwandani hapakuwa na badiliko la maana.

Mhusika mkuu ni naitrojeni. Urea ya viwandani huyeyuka upesi, mmea ukapata naitrojeni hiyo kwa mkupuo; samadi iliyooza huiachia kidogo kidogo, kwa mwendo wa vijidudu vya udongoni. Mnyanya ulioshiba naitrojeni hutumia sukari yake kutoa majani na matawi mapya. Unaopimiwa hukua polepole, na sehemu ya sukari hiyo huigeuza kuwa kinga. Kwa maoni yangu, basi, ugomvi wa samadi na mbolea ya dukani umekuzwa mno. Kasi ya kulisha ndiyo yenye uzito, na hata samadi ikimwagwa bila kipimo italeta majani tele.

Lakini kupimia si kuunyima. Potasiamu ikipungua, mabega ya nyanya hubaki ya njano na ukali wake hufifia. Na tunda likioza kitako, wengi hulaumu udongo kwa kukosa kalsiamu, ilhali mara nyingi kalsiamu ipo ila umwagiliaji ni wa leo mafuriko, kesho ukame, nayo husafiri na maji tu.

Kuna jambo moja ambalo udongo mzuri hauliwezi: joto. Laikopini, rangi nyekundu ya nyanya, hutengenezwa vizuri kati ya nyuzi 16 na 26 za sentigredi; zikipita 30, kazi hiyo huzorota huku beta-karotini ikiendelea, na tunda huiva kwa rangi ya chungwa. Nyanya za Lushoto au Iringa zina faida ya ubaridi ambayo za Pwani mwezi Februari hazina. Mkulima wa Pwani asikimbilie kupogoa kila jani: mwanga huongeza vitamini C, lakini tunda lililoachwa wazi juani hupata joto zaidi kuliko hewa inayolizunguka.