Mchoraji wa sura Kakamega hauzi uso pekee

Wachoraji wa sura wanapolalamika kuhusu kipato katika miji ya magharibi mwa Kenya, lawama huwaendea wateja: hawathamini sanaa, wanataka bei ya kutupa. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini yanaficha hasara iliyo kubwa zaidi. Mchoraji wa Kakamega anayechora kwa oda haumizwi sana na bei ndogo ya mchoro kama anavyoumizwa na kazi anazozifanya bila kuzitajia bei. Anataja bei ya uso, kisha anatoa bure fremu, usafiri, marekebisho, haraka na hata haki ya kunakili picha yenyewe. Mwisho wa mwezi anajiuliza pesa zimekwenda wapi.

Chukua oda ya msiba, mojawapo ya oda zinazomfikia mchoraji wa huku kwa dharura. Familia inakuja Jumanne, mazishi ni Jumamosi, na picha pekee iliyopo ni ile ya kitambulisho: ndogo, imefifia, macho hayana mwanga na ukingo wa kidevu haujulikani. Ikikuzwa kwenye simu inageuka madoa. Mchoraji analazimika kuomba picha za binti au ndugu wa marehemu ili akisie umbo la shavu, halafu anakesha. Tuseme amekubali shilingi 4,000 kwa kila kitu. Karatasi na penseli za makaa 500, fremu ya mbao na kioo 1,300, bodaboda na nauli 300. Zinabaki 1,900. Kama alichora kwa saa 20 na kurekebisha kwa saa tano zaidi kwa sababu shangazi alisema nywele hazikuwa hivyo, amelipwa shilingi 76 kwa saa. Sasa aache bei ya mchoro palepale kwenye 4,000, ila fremu na usafiri zilipwe na mteja kando, na haraka ya siku nne itozwe 1,000. Anabaki na 4,500, yaani shilingi 180 kwa saa. Uso ni uleule na mteja ni yuleyule, lakini kipato kimezidi maradufu bila bei ya mchoro kupanda hata senti.

Utaratibu huu una historia ndefu. Joshua Reynolds, mchoraji aliyetafutwa na matajiri wa London katika karne ya 18, alikuwa na bei zinazojulikana kabla mteja hajaketi kitini. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 alitoza gini 50 kwa kichwa na mabega, 100 kwa nusu ya mwili, na 200 kwa mwili mzima. Daftari zake za hesabu, ambazo zimehifadhiwa hadi leo, zinaonyesha wateja wakilipa awamu ya kwanza kisha ya pili. Zingatia kipimo alichotumia. Hakupanga bei kwa utajiri wa mteja wala kwa uzuri wa sura. Alipanga kwa kiasi cha kazi. Mikono ni migumu kuchora, nguo na mandhari hula muda, kwa hiyo anayevitaka analipa zaidi. Mteja alichagua daraja lake mwenyewe, na mchoraji hakulazimika kubishana naye.

Kwa Kakamega madaraja matatu yanatosha. La kwanza liwe uso mmoja kwa penseli kwenye karatasi ya A4, bila fremu. La pili liwe A3, kichwa na mabega, pamoja na fremu. La tatu liwe la watu wawili au zaidi, au la rangi, na bei yake ikadiriwe baada ya mchoraji kuona picha za kuchorea. Chini ya madaraja hayo yaandikwe mambo ambayo hayamo ndani ya bei: oda ya chini ya wiki moja, picha hafifu inayohitaji kukisiwa, na usafirishaji kwa basi hadi Nairobi au Mombasa. Nusu ya pesa itumwe kwa M-Pesa kabla penseli haijagusa karatasi. Marekebisho yafanyike mara moja, kwenye mchoro wa mistari, ambao mteja anatumiwa kwa WhatsApp na kuukubali kwa maandishi. Hapo shangazi anapata nafasi ya kusema neno lake mapema, wakati kufuta bado ni rahisi.

Wapo watakaosema huku watu wamezoea kupatana bei, na karatasi ya bei ukutani itawafukuza. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kaunti inategemea zaidi kilimo na pesa huja kwa msimu. Lakini madaraja hayazuii mapatano. Yanayahamisha kutoka kwenye bei hadi kwenye kazi. Muuza samaki sokoni akiambiwa pesa ni kidogo, humwonyesha mteja samaki mdogo. Mwenye 2,500 asipunguziwe picha ya 4,000. Apewe ya 2,500 iliyochorwa vizuri. Anayepunguza bei bila kupunguza kazi anamfundisha mteja kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Ugumu halisi uko kwa jamaa. Katika jamii ambayo ukoo ni mpana, "nichoree tu, ndugu yangu" ni ombi la kila wiki, na kulikataa kunaleta maneno. Nadhani heshima inalindwa zaidi na uwazi. Ukiamua kutoa zawadi, toa nzima kwa moyo mweupe, na useme thamani yake ili ijulikane ni zawadi. Nusu bei ya undugu ndiyo inayozaa chuki, kwa sababu kila upande huona umemsaidia mwenzake. Vilevile, kumchora kiongozi bila oda na kumkabidhi picha mkutanoni kwa matumaini ya bahasha ni bahati nasibu. Mtu hawezi kupangia karo ya watoto juu yake.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni sheria. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba mchoraji asiyeandikiana na mteja ameuza pamoja na karatasi uwezo wa kuichapisha picha ile kwenye fulana, kalenda na mabango. Kwa familia inayotaka picha ya sebuleni, hilo halina madhara. Kwa mgombea wa kiti au kampuni, ni mali kubwa iliyotolewa bure. Sentensi moja kwenye risiti, kwamba bei hii ni ya picha moja na kuchapisha nakala kunalipiwa kando, inatosha kuilinda.

Na wale wanaochapisha picha kwenye turubai kwa dakika chache? Wataendelea kuwa nafuu, na mchoraji akishindana nao kwa bei atashindwa. Yeye anauza kitu ambacho mashine yao haifanyi: kumrudishia mtu baba yake kutoka kwenye picha ya kitambulisho ambayo haikuwa na macho.

Msimu mzuri wa kuanza ni mwisho wa mwaka, wakati Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huwa na mahafali na watu waliotawanyika mijini wanarudi nyumbani. Mchoraji abandike bei zake kabla ya hapo. Nawe mteja, usimwendee mikono mitupu: beba picha iliyo wazi, nusu ya malipo na siku za kutosha, kisha udai risiti iliyoandikwa kila mlichokubaliana.