Tumbusi, Mwavuli na Wingu la Radi

Atembeaye karibu na Sitalike, kando ya mto Katuma, asubuhi jua likishapanda, huweza kuwaona tumbusi wakizunguka angani bila kupiga mabawa. Je, ni nguvu gani iwainuayo? Jua huipasha ardhi joto, na ardhi huipasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo hutanuka, huwa nyepesi na kupanda, nao ndege hupanda pamoja nayo.

Binadamu naye huitumia nguvu hiyo. Katika Bonde la Kerio, nchini Kenya, warukaji huning'inia chini ya mwavuli wa kitambaa na kuelea bila injini.

Lakini hewa ipandayo huchukua mvuke. Mvuke ukipoa hugeuka matone na kutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa juu zaidi. Ndipo wingu la radi huzaliwa. Mwaka 2007, nchini Australia, wingu la namna hiyo lilimvuta mrukaji Ewa Wiśnierska hadi kimo cha karibu mita 10,000. Alizimia, lakini akanusurika. Mrukaji mwingine, He Zhongpin, alikufa siku hiyo hiyo.

Atembeaye ardhini naye hana budi kujihadhari. Uonapo umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, kisha gawanya kwa 3: jibu ni umbali kwa kilometa. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia katika nyumba imara au gari la bati lililofungwa. Usijikinge chini ya mti. Tena usitoke kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho.